Mali ya Bibi wa Kasri la Chumvi

Siku ile jino la kwanza la binti yake lilipong'oka, dalali aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Chiriku alisahihishwa mnadani na kiti kitupu.

Alikuwa jukwaani, ndani ya ghala lake la mabati, ameinua kijiko kirefu ambacho mpini wake ulikuwa umepinda kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu angekitupa. Chiriku hakutupa kitu. Na hakuuza kitu kwa kazi yake, maana vitu vyake vingi havikuwa na kazi yoyote. Aliviuza kwa ukoo wao.

"Mabibi na mabwana, msikicheke," alisema. "Hiki ni kijiko cha Bibi wa Kasri la Chumvi. Kimepinda kwa sababu Bibi hali mbele za watu. Yeye hukaa nyuma ya nguzo, chakula kikabaki mezani, na kijiko kinakata kona kumfuata. Kimechota asali ya nyuki vipofu, wale wanaotafuta maua kwa masikio. Bibi hukishika kwa mkono wa kushoto, hivi..."

"Wa kulia," ikasema sauti.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kupaza. Ilitoka nyuma kabisa ya ghala. Watu wakaangua kicheko, na Chiriku, ambaye hakuwahi kushindwa mdomo na mtu, akainama kwa heshima zote.

"Niwie radhi, mama. Mimi ni mtu wa mashoto, nikadhani dunia nzima ni mashoto. Wa kulia! Mwenye mali amesema."

Kijiko kikauzwa hapohapo. Mnada ulipokwisha, alikwenda nyuma kumtafuta huyo mcheshi amshukuru, maana utani ule ulimpandishia bei. Akakuta viti vya kuuzwa wiki nyingine, vimepandishwa kimoja juu ya kingine hadi karibu na dari. Hapakuwa na nafasi ya mtu kukaa wala kusimama. Juu ya kiti cha chini kulikuwa na chembe nyeupe zimemwagika. Alizigusa kwa kidole, akalamba.

Chumvi.

Sasa, Bibi huyo hakuwapo. Hilo lieleweke mapema, kwa sababu Chiriku mwenyewe ilimchukua muda kuamini kinyume chake. Alimzua kwa uvivu. Zamani kila kitu alikizulia mwenyewe wake: nahodha asiyejua kuogelea, mfalme wa vyura, mapacha waliogawana kivuli kimoja. Kisha akawa anawachanganya, wateja wakamkamata, wakamzomea. Akaona isiwe taabu, mali yote iwe ya mtu mmoja. Akampa kasri la chumvi huko ambako ramani zinaisha, na kila kitu kibovu kilichoingia ghalani kikaongezwa juu ya yule mama.

Kiatu kimoja kisicho na mwenzake? Ni kwamba mguu wa pili wa Bibi ni wa shaba, hauhitaji kiatu. Glovu iliyotoka kiwandani na vidole sita? Ndivyo vidole vyake, cha sita ni cha kuonyesha watu wasiopendeza. Saa inayorudi nyuma? Bibi hachelewi kamwe, hufika kabla hajaitwa. Kioo kilichochubuka hata hakionyeshi uso? Bibi hapendi kujiona, basi kioo kimejifunza kufumba macho. Mwavuli uliobaki vyuma vitupu? Kasri ni la chumvi, mvua ni adui, na katika vita vya mwisho mvua ilikula kitambaa. Kitana kisicho na meno huchana nywele za watoto bila kuwaumiza. Birika lenye mdomo uliozibaziba halimimini mpaka Bibi amiminiwe kwanza.

"Baba Kijino," mkewe alizoea kumwambia, akiwa mezani kwake na kitambaa cha kung'arishia vyombo, "huyo bibi yako sasa ana mali kuliko serikali."

"Na hadai kodi," alijibu Chiriku.

Mali ya marehemu tu ndiyo aliyoinadi kwa adabu. Siku hizo alivua kofia, akaacha mzaha, akaanza na maneno aliyorithi kwa baba yake, aliyekuwa dalali kabla yake: "Mali hii ni ya marehemu. Inauzwa kwa ridhaa ya mrithi wake, naye yupo hapa mbele yenu." Na mkono wake ukanyooka kuelekea kiti cha katikati, safu ya mbele, ambacho siku ya mnada kama huo hakikaliwi na mwingine ila mrithi. Alikuwa ameyasema maneno hayo mara nyingi mno, hata mkewe alishawahi kuyasikia yakitoka katika usingizi wake, pamoja na mkono kunyooka.

Jioni ile ya kijiko, Chiriku aliingia nyumbani, ambako ni hatua chache tu nyuma ya ghala, akamkuta binti yake akimsubiri mlangoni kwa mdomo wazi.

"Baba, tazama! Limetoka lenyewe!"

Mtoto huyo aliota jino mapema kuliko watoto wote wa mtaani, ndipo akaitwa Kijino, na jina likaganda. Jino lilelile la mwanzo ndilo lililong'oka. Mama yake alikuwa ameliweka ndani ya glasi juu ya kabati, ili baba alione. Chiriku akaenda na binti yake mgongoni, wakachungulia. Glasi ilikuwa tupu. Chini yake ndani palikuwa na ukoko mweupe, kama maji ya bahari yalikaushwa humo.

"Umelichukua wewe?" akamuuliza mkewe.

"Nilichukue nikalifanyie nini? Nina yangu."

Wakacheka. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka katika nyumba ile kwa muda.

Wa kwanza kuja alikuwa mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili. Alikuja na birika limefungwa ndani ya taulo, amelibeba mbali na tumbo lake.

"Chukua," alisema.

"Mwalimu, unajua utaratibu wangu. Kilichouzwa hakirudi."

"Sidai chochote. Lichukue tu." Akapunguza sauti, ingawa walikuwa wawili tu. "Limegoma kumimina."

"Limeziba hilo, nilikuambia tangu siku ile."

"Halijaziba, Chiriku. Mke wangu alisema kwa utani, mmiminie Bibi kwanza. Nikaweka kikombe cha tatu, pale pasipokaa mtu. Likamimina vizuri kabisa." Mwalimu akalisukuma birika mbele. "Tukacheka sana. Tukanywa chai yetu. Tulipotaka kuosha vyombo, kikombe cha tatu kilikuwa kimenywewa."

Akaondoka bila kuaga, mtu aliyefundisha adabu maisha yake yote.

Baada yake alikuja fundi cherehani, aliyenunua kile kioo akitundike kwenye kibanda chake. Huyu hakuingia hata ndani. Aliegemeza kioo ukutani, uso wake ukielekea ukutani.

"Kimefumbua macho," alisema.

"Acha mambo yako, fundi."

"Wateja wanajitazama humu, sawa? Juzi nampima dada mmoja kifua. Natupa jicho kiooni, nyuma yake kuna mwingine amesimama, kainua mikono, anasubiri zamu."

"Nyuma yake kweli?"

"Nyuma yake hakuna mtu. Kiooni yupo."

"Ukafanyaje?"

Fundi alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Nikampima! Ningefanyaje, na yeye anasubiri? Nikafuata kiooni, mkono kwa mkono. Vidole sita, Chiriku. Nilivigusa. Vinakwaruza kama msasa."

Chiriku alijitahidi kumfanyia mzaha, mzaha ukakataa kutoka. Alikiingiza kioo ghalani, akakifunika kwa gunia, akafunga mlango kwa kufuli. Usiku hakusema lolote kwa mkewe. Aliogopa, na aliona haya kuogopa kitu alichokitunga mwenyewe.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imetanda bila kunyesha. Alifungua ghala na mkewe akiwa nyuma yake na ndoo ya maji. Wote wawili wakasimama mlangoni.

Vitu vilikuwa vimerudi vyote. Si birika na kioo tu. Kijiko kilichopinda, glovu, saa, mwavuli wa vyuma, kitana, vitu vilivyouzwa miaka mingi iliyopita kwa watu waliokwisha kuhama mji, vyote vilikuwa katikati ya ghala, vimepangwa. Palikuwa na chumba pale, chumba kisicho na kuta. Meza imeandaliwa, kijiko upande wa kulia wa sahani. Kioo kimevuliwa gunia. Kiatu kimoja kimewekwa kando ya kiti, kama mtu kakivua apumzishe mguu. Saa ilikuwa ikitembea kinyumenyume, na hewa yote ilinuka chumvi mbichi, ile harufu ya maji yaliyokaa kisimani bila kufunuliwa.

Pembeni mwa kiti hicho sakafu ilifagiwa, ikaachwa wazi. Nafasi ndogo, yenye umbo la kitu kinachokosekana.

"Ni kitanda," mkewe alinong'ona.

"Kitanda gani?"

"Cha Kijino. Alicholalia uchanga." Akaweka ndoo chini. "Baba Kijino, kumbuka ulivyokinadi. Mimi nilikuwepo, tumbo hili hapa. Tulicheka wote."

Akakumbuka. Kilikuwa kitanda kidogo cha mbao nyeupe, kizuri ajabu, na siku ile alitaka kukisifia kupita vyote. Alisema Bibi wa Kasri la Chumvi alikichonga kwa kucha zake, akimsubiri mtoto ambaye hajawahi kumpata. Alisema mtoto atakayelala humo ni wa Bibi, na wazazi wake wameazimwa tu wamlee, mpaka siku jino lake la kwanza litakapong'oka. Alitia chumvi mno siku ile. Wanunuzi walicheka, lakini hakuna aliyenyoosha mkono. Ndipo mkewe aliposema, "Basi tukichukue sisi, kitatufaa." Na kikawafaa.

Hapo ndipo waliposikia hatua. Zilianzia nyuma ya meza, ambako hapakuwa na mtu. Hatua moja ilikuwa laini, haisikiki isipokuwa kwa vumbi lililotifuka. Ya pili ililia juu ya saruji kama sahani ya shaba inayowekwa chini. Kimya, kisha shaba. Kimya, kisha shaba. Zilipita katikati yao, baridi ikawapiga wote wawili usoni, maji ndani ya ndoo yakafanya ukoko mweupe juu, na hatua zikaendelea kwa utulivu wa mtu anayejua njia, zikavuka ua, zikaelekea nyumbani.

Walikimbia. Chiriku hakumbuki kuvuka ule ua, anakumbuka tu mlango wa chumba cha binti yake ukiwa wazi na mwanga wa mchana wa mawingu umejaa mle ndani, na Kijino ameketi sakafuni amewapa mgongo, ametulia kuliko alivyowahi kutulia maishani mwake, na nywele zake upande mmoja zimeinuliwa juu hewani, zimenyooshwa, hakuna mkono, huku kile kitana kisicho na meno, ambacho walikuwa wamekiacha ghalani sekunde chache tu zilizopita, kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, na kila kinapopita nywele zikabaki nyeupe.

"Kijino!" mama yake akaita.

"Shh," mtoto akasema bila kugeuka. "Bibi anasema nisitikisike."

Wakati huohuo mvua ikaangukia mabati. Ilianza yote kwa pamoja, kwa kishindo. Kitana kikadondoka. Nywele zikashuka. Mama akamrukia mtoto, akamkumbatia, akaanza kumfuta zile nywele kwa kanga yake, akilia.

"Amekuambia nini tena?" Chiriku akauliza. "Mwanangu, mwambie baba. Amesema nini?"

"Amesema leo tunakwenda kwetu. Lakini hawezi kutembea kwenye mvua." Kijino akapiga mwayo. "Tutaondoka ikikatika."

Shangazi yake mkewe alikuwa mganga wa majini, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, na hakupenda kusumbuliwa kwenye mvua. Alifika amelowa, akavua viatu, akawasha ubani. Ubani ukakataa. Akawasha tena. Kibiriti kiliwaka vizuri, mkaa ukawaka vizuri, ubani ukatoa povu jeupe na kuzima. Akaenda ghalani peke yake, akarudi. Akakaa chini.

"Siwezi," alisema.

"Shangazi, tafadhali!"

"Nisikilize, mwanangu. Jini ninalolitoa lina kwao. Lina bahari yake, pango lake, ukoo wake. Ninalipigia kelele linarudi lilikotoka. Huyu wenu hakuwa na kitu. Alikuwa upepo unaozurura, hana jina, hana umbo, hana hata mahali pa kuketi. Akapita hapa akasikia mwanamume mwenye mdomo mzuri anatangaza mwenye mali ambaye hayupo. Kila wiki anatangaza. Anampa kasri, anampa mguu, anampa vidole, watu wanapiga makofi. Nafasi iko wazi. Wewe ungeiacha?" Akamgeukia Chiriku. "Nikimtoa nje, anarudi kwenye maneno yako. Ndiko kwao."

"Basi nikanushe," Chiriku akasema. "Niseme nilidanganya."

"Ukisema hayupo, yupo nani mle ghalani? Hawezi kukusikia. Atasikia tu yale yanayosemwa juu yake pale unaposimama na nyundo."

Chiriku akachungulia nje. Mvua ilikuwa bado nzito, lakini upande wa mbali wa mawingu palikuwa na ufa wa mwanga. Alimtazama binti yake mapajani mwa mama yake, pengo lake, nywele zake zisizotaka kurudi rangi, na katika hofu ile akapata wazo, nalo lilikuwa wazo la dalali.

"Aliyekufa hadai alichoazimisha," alisema.

Shangazi akamtazama juu ya miwani. "Unaweza kumuua?"

"Nilimtia uhai. Ninyi waleteni watu."

"Basi chunga mdomo wako. Kila neno, Chiriku. Usiseme ambalo hukulipima. Na huyo mtoto asitoke machoni pangu hata kidogo. Mweke mbele."

Majirani walikuja, wamejitanda mifuko na magunia, wengine wakiwa na nguo za nyumbani. Mwalimu alikuja, fundi cherehani alikuja, kila aliyewahi kununua kitu cha Bibi akakuta leo hakipo kabatini alikuja bila kubembelezwa. Kile kitanda kidogo cha Kijino kilikuwa kimeletwa kutoka nyumbani, kikawekwa kando ya jukwaa. Kijino aliketi safu ya mbele, katikati, mama yake upande huu, Shangazi upande ule. Nyuma yao, katika chumba kile kisicho na kuta, kiti cha Bibi kilikuwa kimegeuka. Kilikuwa kinatazama jukwaa.

Chiriku akapanda. Akachukua nyundo. Alijua atakaloanza nalo, lile la mvua, alilipanga njia nzima. Lakini mdomo wa dalali una mazoea yake. Alivua kofia, akakohoa, na maneno ya baba yake yakatoka kama yalivyotoka siku zote.

"Mali hii ni ya marehemu," alisema. "Inauzwa kwa ridhaa ya mrithi wake, naye yupo hapa mbele yenu."

Mkono ukanyooka, ukarudi.

Shangazi aliinua kichwa ghafla. Chiriku alimwona, akadhani amefurahi.

"Mabibi na mabwana," akaendelea, na sasa sauti ilikuwa yake, "leo mvua imenyesha juu ya Kasri la Chumvi."

Kiti kikalia. Watu wote walisikia, hakuna aliyegeuka.

"Ilikuja bila kubisha. Iliramba minara kwanza, kisha ngazi, na Bibi akafungua mwavuli wake, mwavuli huu hapa, akakuta ni vyuma vitupu. Nani ataanza bei ya mwavuli uliomwacha mwenyewe alowe?"

"Mimi," fundi cherehani akasema kwa sauti ndogo, akataja bei.

"Kwanza, pili, umekwenda!" Nyundo ikashuka, na kutoka kwenye kiti kile ukasikika mlio mrefu, kama wa kitu kinachomiminiwa maji ya moto.

Akanadi saa, akasema kwa mara ya kwanza Bibi alichelewa. Nyundo. Saa ikasimama. Akanadi glovu, akasema vidole vilikatika kimoja kimoja vikishika mlango uliokuwa ukiyeyuka, na nyundo iliposhuka kitu kilidondoka sakafuni mara sita. Akanadi kioo, na birika, na kitana, na kijiko, haraka, bila kumeza mate, huku mvua juu ikipungua na yeye akiisikia ikipungua, na maji meupe ya chumvi yakianza kutiririka chini ya kile kiti, yakipita katikati ya miguu ya watu walioinyanyua miguu yao na kuendelea kutaja bei kwa machozi, na hatua zikainuka, shaba tupu sasa, ile laini haipo, shaba, shaba, shaba, zikija kwenye safu ya mbele, zikija pale alipoketi mtoto, na Chiriku akanyakua kile kiatu kimoja akapiga kelele kwamba mguu wa shaba ulibaki peke yake katikati ya maji, hauna mtu juu yake, nani anataka kiatu cha mguu usiokuwapo, na mwalimu mstaafu akasimama akapaza sauti, "Mimi! Mimi! Uza!", na nyundo ikashuka.

Hatua ikakoma. Ilikoma karibu sana na goti la Kijino.

"Kimebaki kitanda," Chiriku alisema, na sauti haikuwa imebaki sana. "Aliyekiazimisha amekufa. Alichokiazimisha hakina wa kukidai. Nakinunua mwenyewe. Kwanza. Pili. Kimekwenda."

Mvua ikakatika. Harufu ilikuwa imeondoka. Mtu mmoja akaanza kucheka, na wote wakacheka, wakakumbatiana, wakapiga makofi kuliko siku yoyote ya mnada. Fundi cherehani akaomba shoka, akakipasua kile kitanda vipande vipande uani, na vipande vikayeyuka kwenye madimbwi. Shangazi peke yake hakucheka. Alimshika Kijino kidevu, akamtazama mdomoni kwa muda mrefu, akavaa viatu vyake. Aliambiwa angoje chai. Hakungoja.

Jioni walikula mapema, milango wazi, taa zote zimewashwa. Chiriku alikuwa anazungumza bila kukoma kwa furaha. Alikuwa akimwambia mkewe kwamba kuanzia sasa kijiko kitauzwa kama kijiko, birika kama birika, alipoona mkewe hamsikilizi. Mkewe alikuwa anamtazama mtoto.

Kijino, mtu wa mashoto kama baba yake, alikuwa anakula kwa mkono wa kulia. Alikula taratibu, mgongo umenyooka. Pengo lake halikuwapo. Mahali pake palikuwa na jino jipya, refu, linalopitisha mwanga wa taa.

"Kijino," mama yake akasema polepole, "umechoka, mwanangu?"

Mtoto alifuta mdomo, akaweka kijiko upande wa kulia wa sahani.

"Baba," alisema, kwa upole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa bila kupaza, "mbona umeuza vitu vyangu bila kuniuliza? Uliwaambia watu nimeridhia."

Chiriku aliutazama mkono wake, ule ulionyooka mnadani.

"Kesho uvikusanye," mrithi akasema. Akawatakia usiku mwema wote wawili, akashuka kitini, akaelekea chumbani kwake. Mguu mmoja haukusikika. Wa pili ulilia juu ya sakafu kama sahani ya shaba inayowekwa chini, kwa adabu, na mama yake akainuka kwenda kumfunika.